Hukumu Mkononi, Pesa Bado kwa Mdaiwa

Mahakama ya Madai Madogo ilifungua milango yake Milimani, Nairobi, tarehe 26 Aprili 2021, ikiwa na ahadi ambayo hata muuza mitumba aliielewa mara moja: leta dai lisilozidi shilingi milioni 1, nalo litaamuliwa ndani ya siku 60. Wakili si lazima. Atakayekata rufaa ataenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu, si kurudia ubishi wa nani alisema nini.

Siku hizo 60, hata hivyo, huishia kwenye hukumu. Sheria haikutaja siku ya pesa kufika. Mshindi hutoka kortini na karatasi yenye muhuri akidhani kuna afisa mahali fulani atakayempigia simu aje achukue chake. Afisa huyo hayupo. Mahakama haijui mdaiwa analala wapi wala ana mali gani, na haitanyanyua kidole kukazia hukumu mpaka mshindi mwenyewe aombe, alipe ada na aseme anataka nini kikamatwe. Hapo ndipo wengi hukwama, na mara nyingi kosa lilifanyika zamani, kabla hata kesi haijafunguliwa.

Chukua mfano wa fundi wa madirisha ya aluminiamu anayedai shilingi 180,000 kwa kazi aliyoifanya kwenye nyumba za kupangisha huko Ruiru. Aliyempa kazi ni bwana mmoja waliyewasiliana naye kwa WhatsApp; malipo ya kwanza yalitoka kwenye akaunti ya kampuni; nyumba zenyewe, ikaja kujulikana, ni za shemeji ya bwana huyo. Fundi amshtaki nani? Akiishtaki kampuni, hukumu itaihusu kampuni peke yake, kwa kuwa mbele ya sheria kampuni ni mtu anayejitegemea na gari la mkurugenzi wake haliguswi hivi hivi. Ikiwa kampuni hiyo haina zaidi ya muhuri na meza, fundi ameshinda meza. Ndiyo maana ni busara kuomba rekodi za kampuni kwa Msajili wa Kampuni kabla ya kujaza fomu ya madai, ili jina litakaloandikwa liwe la mtu au kampuni iliyoingia mkataba kweli, tena lililoandikwa kama lilivyosajiliwa.

Mali nayo hutafutwa vivyo hivyo. Namba ya gari ikijulikana, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani hutoa jina la mmiliki kwa ada. Namba ya kiwanja ikijulikana, masjala ya ardhi hueleza ni cha nani na kama kina rehani ya benki. Chenye thamani kuliko vyote mara nyingi ni kile kilichokwisha kupita mikononi mwa mdai bila yeye kukijali: hundi ya malipo ya kwanza, risiti ya kuhamisha pesa, ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya biashara. Humo huenda mkawa na jina la benki. Mwenye jina la benki na tawi anaweza kuiomba mahakama iamuru benki izuie pesa za mdaiwa na, asipojitokeza mwenye hoja ya kupinga, impe mshindi. Asiyekuwa nalo atabaki kubahatisha, na kila kubahatisha kuna gharama yake.

Asiyejua chochote ana njia moja ambayo haitumiki inavyostahili. Kanuni za mwaka 2010 za mwenendo wa mashauri ya madai, agizo la 22, humruhusu mshindi kuomba mdaiwa aitwe kortini ahojiwe kwa kiapo: una nini, nani ana deni lako, pesa zako ziko wapi. Akiitwa mkurugenzi wa kampuni, naye hujibu kwa niaba ya kampuni. Huko California wamelisogeza jambo hili mbele zaidi. Aliyeshindwa katika kesi ndogo akikaa bila kulipa wala kukata rufaa, hutakiwa kujaza fomu ya kutaja mali zake, kazi yake na akaunti zake, na kumpelekea mshindi ndani ya siku 30 baada ya kutumiwa taarifa ya hukumu. Mzigo wa kusema umewekwa kwa anayedaiwa, mahali unapostahili. Kenya ingeweza kuiga hilo bila kujenga hata chumba kimoja kipya cha mahakama.

Kisha kuna dalali, anayefahamika kuliko wote na anayeeleweka kidogo kuliko wote. Dalali mwenye leseni, akishapewa hati ya mahakama, haruhusiwi kufika na lori siku hiyo hiyo akaondoka na makochi. Kwanza huorodhesha mali, hutaja hali na thamani ya kila kitu, na kumpa mdaiwa siku 7 za kukomboa. Zikipita, mali huondolewa, hutangazwa gazetini, na mnada husubiri tena siku zisizopungua 7. Wadaiwa wengi hulipa katika wiki ile ya kwanza. Televisheni yenyewe haitafika bei. Kinachowasukuma ni aibu ya lori kusimama langoni majirani wakiangalia.

Si kila kitu huguswa. Nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia havikamatwi, wala zana ambazo mtu anazihitaji kwa kazi yake. Cherehani ya fundi nguo itabaki. Na mara nyingi orodha ikishatoka, hujitokeza mke, kaka au mama mkwe na risiti mkononi: friji ni langu, kochi tulipewa harusini. Sheria inampa mtu huyo haki ya kupinga, shughuli husimama, na mshindi akiwa alikamata mali ya mwingine huenda akabebeshwa gharama. Madai mengine ya aina hiyo ni ya kweli. Mengine yana risiti ambazo wino wake haujakauka. Kuna jambo jingine ambalo mshindi huambiwa akiwa amechelewa: ada za dalali hulipwa na mdaiwa, ila asipopatikana, au mali ikikosekana au isipotosha, deni la dalali humrudia aliyemtuma.

Mdaiwa aliyeajiriwa ni rahisi zaidi. Mahakama huweza kuamuru mwajiri akate mshahara, lakini theluthi mbili zake zinalindwa, kwa hiyo kinachofikiwa ni theluthi moja. Ni polepole, ila ni pesa inayokuja kila mwisho wa mwezi bila ugomvi.

Jela ya madai ipo, na watu huipenda kwa hasira. Mahakama Kuu haikukubali kuifuta baada ya Katiba ya 2010, lakini masharti yake ni mazito: mdaiwa lazima apewe nafasi ya kueleza kwa nini asifungwe, na mahakama iridhike, kwa mfano, kwamba anajiandaa kutoroka au ana uwezo na anakataa tu kulipa. Maskini hafungwi kwa umaskini wake. Tena anayemfungisha mwenzake ndiye humlipia chakula gerezani, na kifungo kikiisha deni bado lipo. Kwa mwenye nia ya kupata pesa, hiki ni kitisho cha mezani zaidi ya kuwa dawa.

Aliyeshinda dhidi ya kaunti yuko peke yake kabisa. Mali ya serikali, ya kitaifa au ya kaunti, kwa kawaida haikamatwi. Mshindi hupewa cheti cha kiasi anachodai, akipeleke kwa afisa anayehusika na malipo, na afisa akikaidi, mlango unaobaki ni Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha. Mwenye kampuni ndogo iliyopeleka maziwa kwenye hospitali ya kaunti anajua safari hiyo inavyomaliza viatu.

Kwa sababu hizi zote, mdaiwa akiomba kulipa kwa awamu, mshindi asikunje uso upesi. Shilingi 20,000 kila mwezi, zikiandikwa na kuwekwa kortini, zinaweza kufika mapema kuliko 180,000 za mnada. Makubaliano yaseme wazi kwamba awamu moja ikikosekana salio lote linadaiwa papo hapo. Riba nayo iombwe tangu kwenye dai. Hukumu ikinyamaza kuhusu riba ya baadaye, sheria huhesabu asilimia 6 tu kwa mwaka.

Na ambaye mdaiwa wake hana kitu leo, ana muda. Hukumu ya Kenya huweza kukaziwa hadi miaka 12, ingawa mwaka mmoja ukipita mdaiwa lazima apewe kwanza ilani ya kueleza kwa nini isikaziwe. Katika miaka hiyo watu hununua viwanja na kurithi mashamba. Hapo mshindi huweza kuomba amri ya kuzuia ardhi hiyo isiuzwe wala isihamishwe, amri ambayo huandikishwa kwenye masjala ya ardhi, na mnunuzi yeyote makini atakayefanya upekuzi ataikuta imeandikwa juu ya hati.