Kijiji Kilichojifungia Mlango

Mtu akirudi kutoka Ulaya, jambo la kwanza aulizwalo ni habari za miji mikubwa: majumba marefu, treni zipitazo chini ya ardhi, na taa zisizozimwa usiku kucha. Leo hatutawasimulia mambo hayo. Twataka kuwachukua pamoja nasi hadi kijiji kimoja kidogo cha Uingereza, ambako hakuna treni wala ghorofa, na ambako asubuhi ile tuliyofika hatukusikia kitu ila kengele ya kanisa, sauti za kondoo malishoni, na nyayo zetu wenyewe njiani. Jina lake ni Eyam, na wenyeji hulitamka «Im».

Kijiji hiki kiko katika jimbo la Derbyshire, kwenye vilima viitwavyo Peak District, mwendo wa kilometa zipatazo 20 kutoka Sheffield, mji uliopata sifa kwa kufua chuma. Tulipanda basi asubuhi, likapita mashamba yaliyozungushiwa kuta za mawe, likatushusha karibu na kanisa. Nyumba za Eyam zimejengwa kwa mawe ya kijivu, na mbele ya nyingi pana bustani ndogo ya maua. Wakazi wake wapata elfu moja tu. Katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Laurenti umesimama msalaba wa jiwe uliochongwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Lakini mgeni hatembei mbali kabla ya kuona kitu cha kumshtua. Mbele ya nyumba kadhaa vimewekwa vibao, na juu yake yameandikwa majina ya waliofia humo: baba, kisha watoto, kisha jirani. Miaka ni ile ile daima: 1665 na 1666.

ROBOTA LA NGUO

Mwaka 1665 tauni iliua watu wengi mno mjini London. Eyam ilikuwa mbali, na watu wake walikuwa wakulima, wafugaji na wachimba risasi, wakijiona salama katika vilima vyao. Mwisho wa mwezi wa Agosti robota la nguo lilifika kutoka London kwa mshonaji wa kijiji, Alexander Hadfield. Masimulizi ya wenyeji husema kwamba nguo zile zilikuwa na unyevu, na George Viccars, aliyefanya kazi katika nyumba ile, alizitandaza mbele ya moto zikauke. Ndani yake walikuwamo viroboto wa tauni. Viccars alizikwa tarehe 7 Septemba. Wakafuata watoto wa nyumba ile, kisha majirani. Mwaka ulipokwisha, watu wapatao 40 walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Baridi ilipoingia, ugonjwa ulipungua, na watu wakadhani umepita. Lakini jua la mwaka 1666 lilipoanza kuwaka, tauni iliamka kwa nguvu mpya. Hapo kila mwenye nyumba alijiuliza: tufunge mizigo tukimbie? Matajiri wachache walikuwa wamekwisha kuondoka. Na nani angewalaumu? Ni baba gani asiyetaka kuwatoa watoto wake katika nyumba inayoungua? Lakini kila aliyekimbia aliweza kuipeleka tauni kwa jamaa zake wa Sheffield, na vijiji vyote vya njiani.

WACHUNGAJI WAWILI WALIOPINGANA

Mkuu wa parokia ya Kianglikana alikuwa William Mompesson, kijana ambaye hajatimiza miaka 30. Alikuwa na mke, Catherine, na watoto wawili wadogo. Alikuwa amefika Eyam mwaka 1664 tu, na watu wengi hawakumpenda. Moyo wao ulikuwa bado kwa mchungaji wa zamani, Thomas Stanley, aliyeondolewa kazini kwa kuwa hakukubali sheria mpya za ibada zilizoamriwa na serikali. Watu hawa wawili walitengwa na imani na siasa ya siku zile. Kama wangeendelea kugombana, hakuna ambaye angeshangaa.

Basi walikutana. Mompesson alijua kwamba peke yake hatasikilizwa. Stanley alijua kwamba watu wake watakufa. Mwezi wa Juni 1666 walisimama pamoja mbele ya wakristu na kuwatolea shauri lenye mambo matatu. La kwanza, kila jamaa izike watu wake yenyewe, upesi, shambani au bustanini, si katika makaburi ya kanisa. La pili, mlango wa kanisa ufungwe, na ibada ifanyike nje, katika bonde liitwalo Cucklet Delf, kila jamaa ikisimama mbali na nyingine. La tatu, ndilo zito: mtu yeyote asivuke mpaka wa kijiji, wala kutoka wala kuingia, mpaka tauni iishe.

Watu wakakubali. Tufikiri vizuri, wasomaji. Hawakuzungukwa na jeshi lenye kuwazuia, na vilima ni vingi, na usiku ni mrefu. Aliyetaka kutoroka angaliweza. Lakini walio wengi walibaki.

JIWE LENYE MATUNDU

Tulitembea kwa miguu kufuata njia ya Stoney Middleton, kijiji cha jirani. Katikati ya malisho, mahali pa mpaka, tuliliona jiwe kubwa lenye matundu sita. Watoto walikuwa wakitia vidole ndani yake, kama watoto wa kila nchi. Katika matundu yale watu wa Eyam waliweka fedha zao ndani ya siki, kwa kuwa waliamini kwamba siki huua sumu ya ugonjwa. Kisha walirudi nyuma. Watu wa nje walikuja, wakachukua fedha, wakaacha mkate na mahitaji mengine. Kaskazini ya kijiji pana chemchemi iliyotumika vivyo hivyo, nayo mpaka leo huitwa kisima cha Mompesson. Earl wa Devonshire, bwana mkubwa aliyekaa katika jumba la Chatsworth, alipeleka chakula na dawa.

Tulikaa kitambo kirefu penye jiwe lile, kwa maana tuliona kwamba hapo ndipo penye maana yote ya Eyam. Mara nyingi husifiwa wale waliojifungia ndani, nao wanastahili. Lakini wangeishi kwa nini, kama upande wa pili wa jiwe pasingekuwa na mtu wa kuleta mkate? Kumwambia mgonjwa «Kaa kwako, usitukaribie», kisha kumsahau, ni kumhukumu afe. Kumwambia «Kaa kwako, nasi tutakulisha», huo ni udugu. Jiwe lile lilitenga miili ya watu, lakini halikutenga mioyo yao.

MAMA HANCOCK

Upande wa mashariki wa kijiji, kwenye mteremko wenye upepo, tulifika penye ukuta mdogo wa mviringo. Ndani yake pana mawe ya makaburi ya jamaa moja, jamaa ya Hancock. Mwezi wa Agosti 1666, kwa muda wa siku nane, Mama Elizabeth Hancock alimzika mume wake na watoto wake sita. Hakuwa na mtu wa kumsaidia. Alichimba makaburi mwenyewe, na kuwaburuta wafu wake mmoja mmoja hadi shambani. Wenyeji husimulia kwamba watu wa Stoney Middleton walimwona kwa mbali, wasiweze kumkaribia. Tulikaa kimya, na mmoja wetu akavua kofia.

Tusidhani kwamba wote walikuwa malaika. Wahenga husema: kufa kufaana. Alikuwako mtu mmoja, Marshall Howe, mwenye nguvu nyingi, aliyeugua akapona, akaona ya kwamba tauni haimwezi tena. Alijitoa kuzika wafu wa wale wasio na ndugu, na ujira wake ulikuwa mali ya marehemu. Wenyeji husema kwamba aliingia katika nyumba bila haya na kuchukua alichotaka. Kisha mke wake na mtoto wake wakafa, na hapo ikambidi kuwachimbia walio wake.

Mompesson naye alionja uchungu ule ule. Watoto wake alikuwa amewapeleka mapema kwa jamaa, kabla mpaka haujafungwa. Mke wake Catherine alikataa kumwacha. Pamoja walizunguka nyumba za wagonjwa, mpaka mwezi wa Agosti Catherine mwenyewe aliposhikwa. Alikufa akiwa na miaka 27, na kaburi lake liko katika uwanja wa kanisa, karibu na msalaba wa kale. Wasomaji wetu wanajua alivyofundisha Bwana wetu juu ya mchungaji mwema na mtu wa mshahara aonaye mbwa-mwitu akakimbia. Pale mbele ya kaburi tuliona mafundisho hayo yametimizwa na mwanamke kijana.

BAADA YA TAUNI

Mtu wa mwisho alikufa mwanzo wa Novemba 1666. Katika miezi 14 watu wapatao 260 wa jamaa 76 walikuwa wamekufa. Vijiji vya jirani vilisalimika.

Je, watu wa Eyam walipata shukrani? Mwaka 1669 Mompesson alihamishiwa parokia ya Eakring. Watu wa huko waliogopa kwamba anawaletea tauni, na inasimuliwa kwamba ilimbidi akae kwanza katika kibanda nje ya kijiji. Na Stanley, aliyewatumikia watu wakati wa kifo, alipata adui waliotaka afukuzwe, mpaka Earl wa Devonshire alipomtetea. Alikufa mwaka 1670. Ndivyo ulivyo ulimwengu: hofu hudumu kuliko ugonjwa, na shukrani huchelewa njiani.

Waganga wa leo wanajua mambo ambayo wachungaji wale hawakuyajua. Mwaka 1894, huko Hong Kong, Alexandre Yersin alivumbua kijidudu cha tauni, na baadaye ikajulikana kwamba viroboto wa panya ndio wakichukuao. Kwa hiyo wataalamu wengine husema kwamba kubaki pamoja na panya na viroboto kuliwaongezea watu wa Eyam vifo. Huenda ni kweli. Lakini hiyo yazidisha thamani ya tendo lao: walitumia akili waliyokuwa nayo, na gharama yake waliilipa wenyewe, wasimtwike jirani.

NA SISI?

Habari hizi si za Ulaya ya kale tu. Tauni haijatoweka duniani. Katika miaka yetu hii imeonekana mara kwa mara katika Ituri. Leo ina dawa, nayo huponya mtu akiwahi. Mwenye homa kali ya ghafula, mwenye kuvimba mitoki kwapani au kinenani, na asikawie: aende hospitali siku ile ile. Na mkiona panya wengi wamekufa nyumbani, msiwashike kwa mikono, waarifuni waganga.

Tena nani kati yetu amesahau Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, ikaenea hadi Ituri, wala haikutangazwa kuisha huko mpaka tarehe 25 Juni 2020? Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Jamaa ziliombwa zisiwaoshe wafu wao wala kuwakumbatia, na waliokaa karibu na wagonjwa waliombwa wasisafiri. Wengine walikataa, kwa hofu au kwa kutoamini. Wengine walikubali huku wakilia, na kwa kukubali kwao watoto wa watu wasiowajua wako hai leo. Hakuna aliyewawekea vibao mlangoni.

Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Agosti, wakristu wa Eyam huandamana hadi bonde la Cucklet Delf, husali mahali pale pale waliposimama wazee wao. Sisi tulirudi jioni kungoja basi. Mbele ya nyumba moja mama mzee alikuwa akimwagilia maua yake, akatusalimu kwa upole na kutuuliza tumetoka wapi. Tulipomjibu Kongo, aliweka ndoo chini akasema kwamba amesikia habari za Ebola, na kwamba kanisani mwao waliombea watu wetu. Kisha akatuletea maji ya kunywa, akayaweka juu ya ukuta wa mawe uliokuwa kati yake na sisi.

Tulikunywa, tukamshukuru. Wema hauozi.