Mvua Haipindui Boti

Kila Aprili simu hulia kutoka Parklands, Nairobi, na swali ni lile lile: "Daktari, Jumamosi kutanyesha Naivasha? Tunataka kuvuka hadi Crescent Island." Limenichosha, maana hata likijibiwa sawasawa halimfai muulizaji. Mvua humlowesha abiria tu. Kinachopindua boti ni upepo.

Imani yenyewe ni hii: kukipambazuka na jua Parklands, twende, lami ikiwa imelowa, tuahirishe. Upuuzi mtupu. Mvua ya masika Nairobi hupenda kunyesha jioni na usiku, kwa hiyo maji yaliyotuama Limuru Road alfajiri ni habari za jana. Naivasha nayo iko bondeni, imekingwa na milima ya Aberdare, na anga lake lina mambo yake.

Anayeona jua ndiye hunitia hofu zaidi. Hunywa chai bila haraka, huondoka saa nne, hukwama kwenye foleni ya Rironi, na kufika ziwani saa saba, upepo umeshaamka. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa hupanda kuta za Bonde la Ufa na nyingine hukimbilia kujaza nafasi. Sehemu kubwa ya ziwa haina kina, ndiyo maana mawimbi yake huwa mafupi, yamesimama wima, yanafuatana chapuchapu. Kisha ukikaribia kisiwa, ambacho ni ukingo wa kreta ya volkeno iliyozama, unaingia kwenye maji marefu kuliko kwingine kote. Anayesema "ni ziwa tu, si bahari" hajui asemalo.

Tena wingu la radi likimwaga mvua kule Mau, hewa baridi huporomoka nayo, hugonga ardhi na kusambaa kwa kasi, ikitangulia tone la kwanza kwa kilomita kadhaa. Dhoruba inaweza kukupiga ukiwa mkavu, simu ikisema uwezekano wa mvua ni asilimia 20. Simu haikudanganya. Wewe ndiwe uliyeuliza mvua.

Swali la mvua ni la barabara. Aprili 29, 2024 mafuriko yalisomba nyumba Mai Mahiu, kwenye njia ya chini ya kwenda Naivasha, na kuua makumi ya watu. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, kaa nyumbani.

Vinginevyo: ondoka saa kumi na mbili asubuhi, pitia Kinungi, washa taa kwenye ukungu wa Limuru. Saa tatu uwe majini, kabla ya saa sita uwe umerudi. Jaketi la kuokolea maisha lifungwe, lisikaliwe. Mkae mbali na viboko. Mawimbi yakianza kutoa povu jeupe ungali kisiwani, subiri huko huko. Nahodha akikataa kuvuka, usimwongezee pesa. Na ukichelewa kuamka, kula samaki wako ufuoni urudi Parklands.