Kondoo dume wa Banissa: wapi pa kutia pesa

Mwenye Merino wa Molo au Corriedale wa Timau lazima atenge pesa za kukata manyoya kila mwaka, la sivyo sufu humlemea mnyama na kuficha wadudu. Mfugaji wa Banissa ameepushwa na gharama hiyo. Kondoo wetu wa kichwa cheusi hana sufu. Ana nywele fupi zilizolalia ngozi, na mafuta yake ameyaweka akiba matakoni. Kwato nazo husagwa na mawe ya njia ya malishoni, hivyo kisu ni cha dume aliyefungiwa muda mrefu au anayechechemea.

Pesa iliyookolewa hapo wengi huipoteza kwenye kupe. Agroveti ina dawa ya kuchanganya na maji na kunyunyiza kwa pampu, na ile ya kumwagia mgongoni. Ya pampu ni nafuu, na mnunuzi huishia kulinganisha bei za chupa. Ahesabu na maji. Kondoo akinyunyiziwa sawasawa, ndani ya masikio, chini ya mkia na kati ya mapaja, humaliza lita 2 hivi. Kundi la 50 ni lita 100, yaani mitungi mitano. Silanga, yaani bwawa la maji ya mvua, ikiwa imejaa, pampu haina mpinzani. Kiangazi, lori la maji linaposubiriwa na kila nyumba, mitungi hiyo ni ya watoto na chai, na dawa ya mgongoni ndiyo inayotoka rahisi hata kama chupa yake ni ghali.

Dawa ya minyoo inunuliwe kwa kuhesabu dozi. Dume wa kilo 50 anatosheka na mililita 1 ya sindano ya ivermectin ya asilimia 1, inayodungwa chini ya ngozi, na hupambana na upele pia. Albendazole ya asilimia 2.5 hunyweshwa mililita 10, lakini inaua tegu, ambao ivermectin haiwagusi. Gawanya bei ya chupa kwa dozi zake, kisha amua. Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo ikiletwa na serikali usiikose: sindano moja hukinga kwa miaka isiyopungua mitatu.

Uamuzi mzito zaidi ni dume wa kununua. Dorper anasifiwa sana, na wanawe kweli hukua haraka. Alizalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 na 1940 kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo huyuhuyu wa kichwa cheusi, ambaye asili yake ni Pembe ya Afrika. Dume safi huuzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi, pesa inayonunua madume kadhaa wa kienyeji. Kwa mwenye nyasi na maji ya uhakika, sina ubishi. Lakini sisi tumetoka kwenye ukame wa misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, kuanzia mwishoni mwa 2020, na mnyama asiye na akiba ya mafuta, aliyezoea kulishwa, simshauri mtu wa Guba au Derkale amkopee. Tafuta dume wa kienyeji mrefu, mwenye kifua kipana, ambaye mama yake alivuka ukame huo akiwa na maziwa.

Ukishampata, mdhibiti. Kumtenga kunataka zizi lake na mchungaji wake. Kipande cha ngozi au turubai kuukuu kilichofungwa kiunoni, kikaning'inia mbele ya uume, hakigharimu kitu. Kikague kila siku chache, maana mkojo huchoma ngozi na kuleta vidonda. Kivue katikati ya Novemba, mvua za Deyr zikiwa zimeotesha majani: mimba ni miezi mitano, wanakondoo watashuka Aprili katikati ya mvua za Gu, mama zao wakiwa na cha kula. Dume mmoja anatosha majike 30 hivi. Baada ya misimu miwili badilishana na jirani, kabla hajawapanda binti zake.