Mtama katika Bonde Lililoingia Chumvi



Huku Pemba wako wakulima wengi wenye mabonde karibu na pwani ambao wameona maji ya bahari yakipanda na kuingia mashambani. Bonde lililokuwa likitoa mpunga sasa lina ukoko mweupe juu ya udongo, na wengi wameliacha likawa pori. Sisi twaonelea ya kuwa si kila bonde la namna hiyo ni la kuachwa. Mwaka ambao mikarafuu haikuzaa, chakula cha shambani ndicho kitutiacho nguvu.

Chumvi huyazuia maji ya ardhini yasiingie mizizini. Mmea huona kiu hali umesimama penye unyevu. Lakini mimea hailingani kwa ustahimilivu. Katika kipimo cha chumvi ya udongo wanachotumia wataalamu, mahindi huanza kupunguza mazao yafikapo 1.7, mpunga 3, na mtama 6.8. Hata hivyo mtama hauondoi chumvi, na mahali paotapo mikoko hautafaa kitu. Wala mtu asijaribu mkarafuu humo, kwani haupendi maji yaliyotuama.

Kwanza jaribuni udongo. Chukueni vifuu viwili vya nazi. Kimoja kitieni udongo wa bonde, cha pili udongo mzuri wa juu. Pandeni mbegu 20 katika kila kimoja, mkanyweshee maji ya mvua. Ikiwa za bonde zimeota chache sana kuliko zile nyingine, ngojeni mvua zaidi zioshe ardhi.

Mtama ni dhaifu zaidi ungali mchanga. Kwa hiyo msipande mvua za kwanza. Acheni masika yateremshe chumvi chini, na chimbeni mifereji maji yapate njia ya kutoka. Kisha pigeni matuta, na mbegu mzitie ubavuni mwa tuta, si kileleni, kwa sababu maji yakaukapo chumvi hupanda na kukusanyika kileleni. Tieni samadi iliyooza, na baada ya miche kushika funikeni ardhi kwa majani makavu ili jua lisivute chumvi juu. Mbegu zizidishwe, kisha miche ipunguzwe.

Wenye ng'ombe na mbuzi wajihadhari: mtama mchanga, na machipukizi yanayotoka baada ya kuvuna, yana sumu iwezayo kuua mnyama. Fungeni wanyama mbali.

Mwisho ni ndege. Mtama wa mtu mmoja huliwa na ndege wa mtaa mzima. Basi wenye mabonde yanayopakana wapande wakati mmoja, wajenge madungu, na kuamia kwa zamu. Na mikoko iliyobaki ufukweni isikatwe, maana ndiyo ukuta wetu wa kwanza mbele ya bahari.