Sabuni ya siku ya posho

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama munaobaki nyumbani na watoto, leo hatutazungumza juu ya bei ya dhahabu wala juu ya mizani ya manegosia. Tutazungumza juu ya neno moja linalotuibia makuta kuliko mizani ile: kesho.

Kila mwaka wazazi wanatufikia sisi wa sendika, hapa Lusangi na pande zote mbili, ya Kasongo na ya Kabambare, wakiuliza kama tunaweza kuwakopesha makuta ya Exetat. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, na tunashukuru. Lakini minerval ya sekondari na makuta ya mtihani wa mwisho vinabaki kwenye mgongo wa mzazi. Na karibu kila nyumba inayokuja kukopa iko na biashara fulani: mikate ya asubuhi, muchele wa kupima kwa kopo, mawese, sabuni. Tukiuliza, «Mama, ile biashara yako inatembea namna gani?» jibu ni moja. «Ilisimama kidogo. Tunangojea shimo itoe, kiisha tutaanza tena vizuri.»

Tunataka kueleza nyumba moja ya memba wetu. Wenyewe walikubali, ila majina yao yanabaki kwao.

Baba anachimba, mama anatengeneza sabuni ya mawese. Binti yao alikuwa mwaka wa sita, na shule ilisema makuta ya mtihani yafike mwisho wa Januari. Mwezi wa kumi mama alisema, «Baba watoto, nipe makuta ya bido ya litri 20 na soda, nianze.» Baba akajibu, «Ngojea. Tumekaribia mchanga muzuri. Nikitoa, nitakununulia bido tatu mara moja.» Hakuwa anadanganya. Alikuwa anaamini, sawa vile sisi wote tunaamini tukiwa chini kule. Lakini mvua ilikuwa imeanza, shimo ikajaa maji, na yale makuta kidogo yaliyokuwa ndani ya nyumba yakaenda kununua esanzi ya mashini ya kuvuta maji. Mchanga ulitoka katikati ya Januari.

Hapa sabuni inafundisha jambo ambalo mikate haifundishi. Sabuni inayomwagwa leo haiuzwi leo. Inapashwa kukauka karibu wiki ine, kama unataka ikuwe ngumu na isiunguze ngozi. Yule mama, kwa haraka, alimwaga sabuni katikati ya Januari na kuiuza kisha siku tano. Ilikuwa laini, ikaisha ndani ya maji kama bugali, wamama wakaonesha vidole vyenye kuchubuka. Wengine walirudisha vipande vyao mbele ya watu sokoni. Makuta hayakutimia, orodha ya mtihani ikafungwa, na binti akakaa nyumbani mwaka muzima.

Tulipokaa nao chini, hatukuwaambia kwamba ni wavivu. Mama anayeamka saa kumi za usiku kuchota maji, nani atamuita mvivu? Tuliwaomba tu wahesabu kinyumenyume. Makuta yanatakiwa mwisho wa Januari. Kuuza vipande vyote kunaomba wiki tatu. Kukauka, wiki ine. Soda inatoka Kasongo kwenye kinga, na barabara ya mvua munaijua, tuhesabu wiki moja. Jumla wiki nane. Maana yake mwanzo wa Desemba ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma mtu soda, wala si siku ya kuanza kufikiri. Baba alinyamaza sana. Kiisha akasema, «Basi tulipoteza Exetat Desemba, na hatukusikia kitu.»

Ndiyo ubaya wa kesho katika biashara ya nyumbani. Haikuumi siku ile unapoisema.

Na lazima tukubali kwamba sisi wachimbaji tulijifunza kungoja mahali fulani. Wazee wetu walifanya kazi ya kampuni, mshahara ulikuja na tarehe yake, posho ilipimwa na siku yake. Hata leo, siku inayofuata siku ya tano tunaiita siku ya posho. SOMINKI ilizaliwa 1976 kwa kuunganisha makampuni ya madini ya Kivu na Maniema. Bei ya kasiteriti ikaanguka duniani 1985, na miaka ya 1990 kampuni yenyewe ikakufa. Namoya, hapa Kabambare, kiwanda cha dhahabu kilianza uzalishaji wa biashara 2016, na 2019 kazi ikasimamishwa juu ya usalama mbaya. Tarehe za kampuni zimeondoka, tumebaki na shimo, na shimo haina kalenda. Inatoa siku inayotaka. Mwanaume anarudi nyumbani na akili ile ile ya kungoja, anaiweka juu ya meza ya bibi yake, na biashara ya bibi inaanza kungoja vilevile. (Hata sisi wa sendika: mkutano wa kugawa makaratasi ya memba tuliuahirisha mara ine mwaka jana. Tusichekane.)

Mwaka uliofuata wale bibi na bwana walifanya namna ingine. Makuta ya bido ya litri 20 hayakuwapo. Litri 20 za mawese ni karibu kilo 18. Zinaomba soda kama kilo 2 na gramu 400, maji litri 6, na zinatoa vipande karibu 130 vya gramu 200. Ni kazi nzuri, lakini ni mlima. Mama akasema atafanya litri 5 tu kila siku ya posho. Hiyo ni mawese kilo ine na nusu, soda gramu 600, maji litri moja na nusu, vipande 33. Kwa siku za posho ine, ametimiza ile ile bido ya litri 20 bila kungojea mtu.

Kwa wamama ambao watajaribu: gramu 135 za soda kwa kila kilo ya mawese inatosha, na mupime kwa mizani, musipime kwa macho. Soda ndiyo inatiwa ndani ya maji polepole. Ukimwaga maji juu ya soda inaweza kuruka na kukupofusha. Musitumie sufuria ya aluminiamu, soda inaikula. Ndoo ya plastiki ngumu ni bora. Mufanyie inje, watoto wakae mbali, na moshi ule usiupumue. Kisha maji ya soda yapoe mbele ya kuyachanganya na mawese yaliyochujwa, na ukoroge mpaka iwe nzito kama uji.

Turudi kwa yule mama. Kupunguza kazi hakukutosha, na tunasema hivyo juu tumeona wengi wakipunguza na bado wakaacha. Wiki ya tatu mtoto alipata malaria, na mama akasema tena litajulikana kesho. Kilichomuokoa ni majirani wawili. Walikuwa watatu wenye kumwaga sabuni siku moja, kwenye lupango moja, kwa sababu mizani ilikuwa moja tu. Asubuhi ile hawakumuona. Wakakuja, mmoja akashika mtoto akampeleka kwenye kituo cha afya, mwingine akamwaga sabuni ya wote. Mtu peke yake anajisamehe upesi. Mbele ya wenzake wawili wenye ndoo mikononi, ni vigumu.

Likelemba yao pia waliigeuza. Zamani yule aliyefikiwa alipokea makuta, na makuta yalikwenda mahali makuta yanakwenda. Sasa wananunua mawese na soda kwanza, na anayefikiwa anapokea vitu, si franga. Sanduku linakaa kwa jirani. Baba alinung'unika: makuta ya nyumba yangu yakae kwa mtu mwingine? Tulimwambia waziwazi: mwaka jana yalikaa kwako, na tunajua mashini ya maji ilikunywa nini. Tena tulimkumbusha kwamba sheria ya Julai 2016 iliyobadilisha Code de la famille iliondoa ile ruhusa ya bwana ambayo mwanamke alipashwa kuwa nayo mbele ya kufanya mapatano. Sasa sheria inataka bibi na bwana wapatane. Kwa hiyo walipatana, na tulikuwa pale: makuta ya shimo hayaingii ndani ya sabuni, na makuta ya sabuni hayashuki shimoni, hata kama mchanga unang'aa namna gani.

Ilikuwa ngumu. Mwezi wa kumi na mbili wenzake wa shimo walikuja usiku, wakisema wanahitaji esanzi ya siku mbili tu, dhahabu iko pale inaonekana. Baba alikwenda hadi mlangoni kwa jirani. Anatuambia alisimama pale dakika nyingi, mbwa akimbwekea, kiisha akarudi kulala. Ile shimo ilitoa ama haikutoa? Ilitoa kidogo. Wenzake walimcheka wiki nzima, na yeye mwenyewe anasema mpaka leo moyo unamuuma akikumbuka.

Kwenye ukuta wa jikoni mama alichora mistari kwa makaa, mstari mmoja kwa kila siku ya posho, na alama ya msalaba pale sabuni ilipomwagwa. Siku mbili hazina msalaba: ile ya maziko ya shangazi yake, na ile soda ilipokwama njiani juu daraja lilikuwa limevunjika. Chini yake kuna mstari mwingine, wa wiki ine mbele, unaoonesha siku ya kuuza. Ukiona nafasi tupu juu, unajua wiki gani hapa chini haitakuwa na makuta, na unajitayarisha mapema.

Januari hii binti alilipa siku saba mbele ya tarehe. Tulipopita kwao siku ya posho iliyopita, alikuwa inje na kaye yake ya hesabu, mama akikoroga ndoo. Baba alikuwa shimoni. Mama alituuzia vipande viwili, na alipokuwa anavifunga ndani ya majani akatuuliza kama tunajua mtu mwenye kwenda Kasongo siku ya kwanza, juu soda imebaki ya mara mbili tu.