Mtoto Akichechemea, Tuitazame Nyonga

Katika madrasa zetu za hapa Mkuyuni, mwalimu huweza kuliona tatizo la nyonga kabla ya mzazi. Mtoto hukunja miguu mkekani, husujudu, huinuka, hukaa tahiyatu, na yote hayo huitegemea nyonga. Mwanafunzi aliyekuwa akikaa vizuri, kisha akaanza kunyoosha mguu mmoja pembeni au kuinuka kwa kushika ukuta, asikaripiwe. Aulizwe, na mzazi wake apewe habari.

Nyonga imefichika chini ya nyama nene, kwa hiyo hata ikivimba uvimbe hauonekani. Aidha, maumivu yake aghalabu hujitokeza gotini. Wapo watoto wanaokandwa goti kwa mafuta miezi kadhaa, ilhali goti lenyewe halina hatia.

Sisi wa Kanda ya Ziwa yatupasa kuikumbuka kwanza selimundu, kwani Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nayo. Chembe za damu zilizopinda mithili ya mwezi mwandamo huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja. Kikikosa damu, hufa polepole na kubonyea. Tumezoea kuyaita maumivu ya watoto hawa "yale yale ya siku zote". Lakini maumivu ya kinena yasiyokwisha, pamoja na kuchechemea, yanahitaji picha ya eksirei.

Watoto hao pia hupatwa kwa wepesi zaidi na usaha wa mifupa, na usaha ndani ya nyonga ndio wa kuogopwa kuliko yote. Mtoto ana homa, hataki kukanyaga, hulia akiguswa mguu wakati wa kuvishwa. Kipimo kikionesha malaria, kisitusahaulishe mguu. Hapa hakuna kuchua wala kungoja kupambazuke: usaha hula gegedu kwa siku chache, na gegedu iliyoliwa hairudi. Kutoka Mkuyuni hadi Bugando si safari ndefu. Apelekwe siku hiyo hiyo, na dua isomwe njiani.

Mtoto wa miaka 4 hadi 8, hasa wa kiume, anayechechemea bila homa huenda ana ugonjwa wa Perthes: damu hupungua nyongani pasipo selimundu, na mfupa huchukua miaka kujijenga upya. Kwa kijana wa miaka 10 hadi 16, hasa mwenye uzito mkubwa, kichwa cha paja huweza kuteleza pale mfupa unapokulia, na mguu ukageukia nje. Huyu asiukanyagie mguu huo mpaka aonwe na daktari wa mifupa, ambaye kwa kawaida hukishikiza kwa skrubu. Swala ataisali amekaa, dini imemruhusu.

Kwa vichanga tunayo neema ya kurithi. Nyonga iliyochomoka tangu utotoni ni nadra kwa Waafrika, na wataalamu wengi huihusisha hali hiyo na mbeleko, kwa jinsi mtoto anavyopanua mapaja mgongoni mwa mama. Huko Japani, kuanzia 1975, wazazi walihimizwa kuacha kuwafunga vichanga miguu ikiwa imenyooshwa, na tatizo likapungua sana. Basi mabinti wanaoona haya kubeba mgongoni wasione haya. Na anayemfunika mwanawe kwa upepo wa ziwa, amkaze kifuani tu, miguu aiachie ikunjike.