Leseni Haivuki Bahari

Wanangu, tarehe 8 Desemba 2020, katika hospitali moja ya mji wa Coventry, Uingereza, bibi wa miaka 90 aitwaye Margaret Keenan alikunja mkono wa fulana yake akachomwa sindano. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kupata chanjo ya korona ya Pfizer nje ya majaribio, na picha yake ilizunguka dunia nzima siku ileile. Nesi aliyeshika ile sindano anaitwa May Parsons, naye asili yake ni Ufilipino, mbali kabisa na Coventry. Leo nataka niwasimulie habari za manesi kama yeye: wanafikaje huko, na kwa nini mtu mwenye ujuzi wake mkononi anaweza kusota miaka mingi kabla hajaruhusiwa kuutumia ng'ambo.

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, kusini-mashariki mwa Asia. Marekani iliichukua kutoka kwa Hispania mwaka 1898 na kuitawala hadi 1946. Watawala hao wapya walileta shule za Kiingereza na hospitali za mtindo wa kwao. Mwaka 1906 wamishonari wa Kibaptisti walianzisha chuo cha unesi mjini Iloilo, kwenye kisiwa cha Panay, na mwaka 1909 wakahitimu wasichana watatu. Watatu tu! Lakini walisoma kwa Kiingereza, kwa vitabu vya Kimarekani na kwa taratibu za wodi za Kimarekani, na hapo ndipo mbegu ilipopandwa. Nchi nyingine zilizotawaliwa zilichimbwa madini au kulimishwa pamba. Hapa palikuwa panaandaliwa, bila mtu kusema wazi, watu ambao hospitali ya Chicago ingeweza kuwaajiri bila kuwafundisha upya.

Ukafika mwaka 1948, Marekani ikaanzisha mpango wa kuwaalika wageni waje kujifunza kwa miaka miwili kisha warudi kwao. Manesi wa Kifilipino walikwenda kwa maelfu. Waliambiwa ni wanafunzi, lakini hospitali nyingi ziliwapangia zamu kamili za kazi kwa posho ndogo. Mwaka 1965 sheria ya uhamiaji ya Marekani ikabadilishwa, upendeleo wa zamani kwa watu wa Ulaya ukaondolewa, na mwenye taaluma inayohitajika akaweza kuhamia moja kwa moja. Mwaka 1974 serikali ya Ferdinand Marcos nayo ikatunga sheria ya kazi iliyofanya kupeleka wafanyakazi nje kuwa shughuli rasmi ya nchi. Wakati huo nchi za Ghuba zilikuwa zimetajirika kwa mafuta na zinajenga hospitali mpya. Tangu hapo fedha zinazotumwa nyumbani na Wafilipino walio nje zimekuwa nguzo ya uchumi. Siku hizi zinapita dola bilioni 30 kwa mwaka.

Sasa tumfuate binti mmoja wa Iloilo. Huyu ni mfano nilioutunga kutokana na safari za wengi, kwa hiyo sitampa jina.

Amesoma unesi chuo kikuu miaka minne. Ada ilitoka kwa shangazi aliyeko Riyadh, na baba aliuza nyati wake wa kulimia. Akimaliza anafanya mtihani wa leseni wa taifa: anatakiwa apate wastani wa asilimia 75, na asiwe na somo hata moja chini ya 60. Akifaulu, nyumbani ni sherehe. Kwao ni kawaida kutundika bango la turubai barabarani, lenye picha yake amevaa sare nyeupe na jina lake kwa herufi kubwa, ili kijiji kizima kijue. Anapata kazi katika hospitali binafsi mjini. Wodini anahudumia wagonjwa wengi kuliko nesi mmoja anavyoweza kuwaangalia sawasawa, na mshahara ukitolewa nauli, chakula na karo ya mdogo wake, hakuna kinachobaki.

Anaamua kuomba kazi nje. Hapo ndipo anapogundua kwamba leseni yake, ile iliyotundikiwa bango, inaishia ufukweni. Kila nchi inataka aithibitishe upya, na kila nchi ina njia yake. Saudi Arabia itamfanyisha mtihani wa kompyuta na kuhakiki vyeti vyake vilikotoka, chuoni na hospitalini. Ujerumani, iliyofanya makubaliano na Ufilipino mwaka 2013, inamtaka ajifunze Kijerumani hadi aweze kuzungumza na mgonjwa, kisha akishafika aendelee kujifunza ndipo atambuliwe kuwa nesi kamili. Japani ilipokea kundi la kwanza mwaka 2009 kwa sharti zito zaidi: ndani ya miaka mitatu ufaulu mtihani wa taifa wa unesi kwa Kijapani. Kabla ya kufaulu wewe ni msaidizi tu, hata kama kwenu uliongoza wodi. Wengi walishindwa, wakarudi. Kuhudumia mgonjwa waliweza. Herufi za Kijapani zenye majina ya magonjwa ndizo zilizowashinda.

Binti wetu anachagua Uingereza. Kwanza Kiingereza. Amesoma kwa Kiingereza maisha yake yote, lakini lazima afanye mtihani na kulipia kwa fedha zake. Baraza la wauguzi la huko linataka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Hadi karibu na mwisho wa mwaka 2018 kuandika nako kulitaka 7. Fikirini: nesi aliyepata 6.5 mwaka 2017 aliambiwa hafai, na mwenzake aliyepata 6.5 ileile mwaka 2019 akapanda ndege. Uingereza ilikuwa na upungufu wa manesi, ikaona imekaza mno, ikalegeza. Mimi naamini hili ndilo jambo kubwa la kuelewa katika safari hizi zote. Kanuni nyingi zimewekwa kwa sababu nzuri ya kumlinda mgonjwa, lakini zinakazwa na kulegezwa kwa kadiri mwenye nyumba anavyohitaji watu. Anayebisha hodi hana kauli.

Akishafaulu Kiingereza kuna mtihani wa kompyuta anaoufanyia kwao, halafu viza, halafu safari. Akishafika bado si nesi. Hospitali nyingi humlipa mshahara wa msaidizi mpaka afaulu mtihani wa vitendo wenye vituo kumi. Hebu tuingie naye kituo kimoja.

Ni kichumba chenye kitanda na pazia. Kitandani amelala mwigizaji anayejifanya mgonjwa, na pembeni mtahini ameshika karatasi. Kengele inalia. Binti ananawa mikono, anavuta pazia, anasema jina lake na kwamba yeye ni nesi. Anamuuliza mgonjwa jina na tarehe ya kuzaliwa, anavilinganisha na utepe wa mkononi, anamuuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Anaomba ruhusa kabla ya kumgusa. Halafu ndipo anafunga kipimo cha presha. Haya yote ameyafanya maelfu ya mara Iloilo, ila kule, wagonjwa wakiwa wengi na yeye peke yake, mengi aliyafanya kwa macho tu, kimyakimya. Hapa kinachoonwa na kusikiwa na mtahini ndicho kinachopata alama. Manesi hufanya mazoezi usiku vyumbani mwao, mmoja akilala kitandani kama mgonjwa na mwingine akisema kila hatua kwa sauti.

Wenzake waliochagua Marekani wana mtihani mmoja mkubwa, na kompyuta huamua swali linalofuata kwa kutazama ulivyojibu lililopita. Tangu 2007 unafanyika Manila. Zamani ilibidi mtu asafiri nje ya nchi kwenda kuufanya. Lakini kigingi kikubwa cha Marekani ni foleni. Sheria yao inasema nchi moja isipate zaidi ya asilimia 7 ya viza za ukaazi za aina hii kwa mwaka, nchi iwe na waombaji kumi au laki moja. Ufilipino ina waombaji wengi, basi wanapanga mstari. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa jedwali la tarehe. Tarehe ya faili lako ikiwa kabla ya ile iliyo kwenye jedwali, unaitwa ubalozini. Ikiwa baada, unangoja. Na mwezi mwingine tarehe hiyo hurudi nyuma badala ya kwenda mbele, na aliyekuwa anakaribia kuitwa anajikuta mbali tena.

Foleni hiyo, wanangu, kwa kawaida inafuata mahali ulipozaliwa, si pasipoti uliyonayo. Nesi wa Iloilo aliyekwishakuwa raia wa Uingereza bado anasimama kwenye mstari wa Ufilipino. Wakati anangoja, karatasi zake zinazeeka: matokeo ya Kiingereza yana mwisho wake, vipimo vya afya vina mwisho wake, na mtoto akivuka miaka 21 kwa kawaida anatolewa kwenye faili la mama. Hapo mama anachagua kwenda bila mtoto au kubaki. Nimejaribu kuipatia kanuni hii sababu inayomhusu mgonjwa, nimeikosa. Mtihani una maana, kwa sababu sindano mbaya inaua. Mahali mtu alipozaliwa hapamwambii mgonjwa lolote kuhusu mkono wa nesi wake.

Kuna mwaka ambao manesi wa kule hawausahau. Juni 2006 watu zaidi ya 40,000 walifanya mtihani wa leseni wa Ufilipino, kisha ikagundulika kwamba baadhi ya maswali yalikuwa yamevuja. Februari 2007 tume ya Marekani inayokagua manesi wa kigeni ikasema waliofaulu mtihani ule hawatapewa cheti cha viza mpaka warudie sehemu zilizovuja. Msichana aliyesoma kwa taa usiku kucha, asiyeona karatasi yoyote ya wizi, alibeba doa sawa na aliyeinunua. Haukupita muda uchumi wa dunia ukayumba mwaka 2008, hospitali za Marekani zikapunguza kuajiri, na vyuo vilivyokuwa vimejaa wasichana na wavulana vikaendelea kutoa wahitimu wasio na pa kwenda. Wengine walijitolea hospitalini bila mshahara ili wapate uzoefu wa kuandika kwenye fomu, na kuna waliolipia hata nafasi hiyo ya kujitolea.

Serikali yao nayo ina mlango wake. Nesi anayekwenda kazini nje huonyesha uwanja wa ndege hati ya kuthibitisha kwamba mkataba wake umekaguliwa. Inachosha, lakini ina sababu. Mwaka 1995, baada ya mfanyakazi wa nyumbani Flor Contemplacion kunyongwa Singapore na wananchi kuwaka hasira, Bunge lilitunga sheria ya kuwalinda wafanyakazi walio nje na kuwashtaki mawakala matapeli. Wizara nzima ya wafanyakazi hao iliundwa kwa sheria iliyosainiwa Desemba 2021.

Mlango huo pia unaweza kufungwa. Aprili 2020, korona ilipoanza, serikali ilizuia manesi kuondoka, wengine wakiwa na viza na tiketi mkononi na wameshaacha kazi. Novemba ikawaruhusu, lakini wasizidi 5,000 kwa mwaka. Februari 2021 ikapendekeza kwa Uingereza na Ujerumani kwamba italegeza idadi hiyo wakiipa chanjo. Uingereza ilikataa. Binadamu waliokuwa wakifiwa na wenzao wodini waliwekwa mezani kama bidhaa ya kubadilishana, na najua jambo hilo liliwauma manesi wengi, nami linaniuma. Serikali ilikuwa na hofu ya kweli, kwa sababu hospitali zake zilikuwa zinafurika. Lakini manesi hawakuwa wamekataa kubaki. Walikuwa wamekataa mshahara.

Msione haya ni ya mbali. Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza mwaka 2021 ili manesi wake waende kwa utaratibu, na mwaka uliofuata Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akasema kati ya manesi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza waliofaulu ni 10. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Congo ziko kwenye orodha ya nchi 55 ambazo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023, lilisema zina upungufu mkubwa wa wahudumu, kwa hiyo nchi tajiri zisije kuwasaka huko. Orodha haimzuii nesi wa Kigoma kuomba kazi mwenyewe. Inamshauri mwajiri asije kumtafuta.

Na kule Ufilipino, je, kuna dawa ya kuwafanya wabaki? Ilishaandikwa. Sheria ya unesi ya mwaka 2002 ilisema nesi wa hospitali ya serikali asianze chini ya daraja la 15 la mishahara. Fedha hazikutengwa. Manesi walidai, wakaandamana, wakaenda mahakamani, na Oktoba 2019 Mahakama ya Juu ikasema kifungu kile ni halali, ila Bunge ndilo lenye kutoa fedha. Malipo yakaanza 2020, miaka 18 baada ya sheria. Katika miaka hiyo mtoto mchanga anakua, anamaliza shule na kuanza chuo cha unesi. Na hata hivyo yaliwahusu walioajiriwa na serikali tu. Binti wetu wa Iloilo yuko hospitali binafsi. Hukumu ile haikumwongezea peso hata moja.